Mwanasesere wa Mekatilili: nishone vipi hando?

FundiShela, Malindi

Hamjambo wenzangu. Nashona wanasesere wa watu mashuhuri kwa mkono, wale wa kuwekwa kabatini na wanaokusanya. Wangari Maathai hanisumbui: kilemba, gauni la kitenge, mche mkononi, na kila mtu anamtambua. Sasa kuna mteja anamtaka Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, kimo futi moja. Sura ya Mama Wangari tumeizoea magazetini. Huyu atatambulika kwa mavazi na kwa jinsi alivyosimama, basi hando, lile vazi la marinda la kiunoni la wanawake wa Kigiriama, ikiharibika kazi yote imeharibika. Nimetumia kitambaa cha marekani nyeupe, lakini marinda yanalala, hayatuni kiunoni. Halafu mteja anataka asimamishwe juu ya kibao chenye nakshi za pembetatu kama kigango, ile nguzo ya kuchongwa ya kumkumbuka marehemu. Wachongaji wa kunifanyia wapo hapa hapa mjini, ila moyo unasita. Mnasemaje?

MjukuuWaGanze

Dada, umenigusa. Nyanya yangu alivaa hando mpaka uzeeni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kitambaa akishona. Usiikate kama sketi. Chana marekani vipande virefu, vya upana wa kidole kimoja kwa mwanasesere wako, pitisha uzi ukingoni, vuta mpaka kikunjane, ndipo ukishone kwenye mshipi. Anza tabaka la chini, panda juu, kila tabaka lilalie lililo chini yake. Nyuma ongeza matabaka, kwani hapo ndipo hando inapotuna. Mwisho chovya kwenye wanga mwembamba wa muhogo, uanike kivulini. Itasimama yenyewe.

Nakuomba pia uishughulikie miguu. Wanasesere wengi ninaowaona wanaishia kwenye kifundo, kama soksi iliyojazwa pamba. Huyu mama alikamatwa 1913 akapelekwa Kisii, akatoroka 1914, na wazee wetu husimulia kwamba alirudi pwani kwa miguu. Kutoka Kisii! Mfanyie vidole, kimoja kimoja, na asivae viatu.

Usimpe mkuki wala bunduki. Alikusanya watu kwa kucheza ngoma ya kifudu na kwa viapo, mukushekushe cha wanawake na fisi cha wanaume. Ukitaka kitu cha kumwekea, weka kuku na vifaranga. Inasimuliwa kwamba barazani alimwambia Champion, yule Mwingereza aliyetaka vijana wetu wakafanye kazi, ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Kuku amtangulie chini, mabawa yamefunguka.

Kuhusu kibao: kataa. Kigango husimikwa kwa marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee, na hakiondolewi hata wenyewe wakihama. Vigango vimeng'olewa usiku, vikauzwa mpaka Marekani, vikatundikwa ukutani kama mapambo. Makumbusho moja ya Denver ilikubali kurudisha 30. Familia zilizoibiwa bado zina uchungu, na nakshi ile ikiwekwa chini ya nyayo za mwanasesere wa kuuzwa itatuumiza. Mwambie mteja hivyo waziwazi, ataelewa.

MshonaVito, Amu

Assalam aleikum. Sina la kuongeza kwenye hando, kaka hapo juu ameimaliza. Mimi nashona kofia za vito, basi niseme la uso. Macho na midomo yashone kwa uzi, usipake rangi. Hewa yetu ya chumvi inabambua rangi. Tumia uzi mmoja, mishono midogo, na mboni uimalizie kwa nukta nyeupe, hapo ndipo jicho linapata uhai. Ndani mjaze sufi, maana hainyonyi maji kama pamba, ila funga madirisha unapojaza, itaruka chumba kizima. Waya wa mifupa uwe wa shaba, wa chuma utapata kutu na doa litatokeza kwenye kitambaa.

Na ukimaliza huyo, tushonee Siti binti Saad. Mwanamke aliyetoka Unguja kwenda Bombay 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili anastahili kabati lake.

FundiShela, Malindi

Ahsanteni sana. Nimeshamwandikia mteja kuhusu kibao: atasimama juu ya mbao tupu iliyopigwa msasa. Hando naifumua leo. Kaka wa Ganze, mshipi wa kiunoni nyanya aliufungia mbele au ubavuni? Na juu ya hando, kifuani, nimfunge kitambaa cha rangi gani?

MjukuuWaGanze

Nyanya alifungia ubavuni. Kifuani weka kaniki, kile kitambaa cheusi, na shanga nyingi shingoni.