Mtoto ana selimundu: siku tatu shule, siku mbili kwa mwalimu wa mtaani, inawezekana?

Mama Twaha, Tabata
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu shule ya serikali, na ana selimundu, hii sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Muhula huu kalazwa mara mbili. Aliwaacha wenzake kwenye kujumlisha, karudi wako kwenye kuzidisha, na daftari lake limeishia tarehe ya wiki tatu nyuma.

Darasani wako 112, niliwahesabu mwenyewe. Simlaumu mwalimu, ataanzia wapi peke yake? Lakini mtoto huyu anatakiwa anywe maji kila mara, na akinywa anakojoa kila mara. Anaogopa kuomba ruhusa, basi chupa ninayomjazia asubuhi inarudi jioni imejaa vilevile. Nikiipokea ile chupa naishiwa nguvu.

Mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu anafundisha watoto sita barazani kwake asubuhi. Mkeka, ubao mmoja, ndoo ya maji yenye koki. Nilikaa pale saa nzima: kila mtoto alisoma kwa sauti, akikosea anasahihishwa hapohapo. Nataka wangu aende Jumanne na Alhamisi, siku nyingine shule. Kuna aliyewahi kufanya hivi? Mwalimu mkuu nimwambieje?

BabaWawili
Pole dada. Shule usimtoe kabisa, maana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne anasajiliwa kupitia shule. Na asikose siku kimyakimya, ataandikwa mtoro. Andika barua, ambatanisha na ya daktari, ubaki na nakala. Wangu alivunjika mguu, akasomea nyumbani miezi miwili kwa barua tu.

Mwalimu wa Mbagala
Mama Twaha, mimi nafundisha darasa kubwa kama hilo. Mtoto ambaye sijaambiwa anaumwa namwona mvivu tu, na hilo linaniuma nikija kujua baadaye. Nenda kwa mwalimu wa darasa kwanza, kabla ya mwalimu mkuu. Omba akae dawati la karibu na mlango, atoke chooni bila kunyoosha mkono.

Halafu ulizia zamu. Shule nyingi za Dar zina zamu ya asubuhi na ya mchana. Akihamia mchana, asubuhi yote anakwenda barazani na hakosi kipindi hata kimoja. Tena anaepuka baridi ya alfajiri, ambayo kwa sikoseli si nzuri. Yule mwalimu mstaafu mpe madaftari ya shule afuate mada zilezile, la sivyo mtoto atasoma vitu viwili visivyokutana.

Bi Mkubwa Kigamboni
Kubalianeni malipo mapema, mwanangu. Sisi tulikuwa familia nne, mmoja akaacha kulipa, mwalimu akakata tamaa akaondoka. Na choo kikague.

Mama Twaha, Tabata
Shikamoo mwalimu. Zamu zipo! Mkondo wa pili wanaingia saa saba, na mimi nawapita kila siku nikienda sokoni. Sikuwahi kuwaza. Bi mkubwa, ahsante, choo nilikiona, kisafi. Wiki ijayo tuna kliniki Muhimbili, barua naiomba hukohuko, na kesho yake asubuhi niko kwa mwalimu wa darasa.

Nimemwambia mtoto mwenyewe. Kaniuliza swali moja tu: hilo dawati la mlangoni, hata akilazwa tena, litamsubiri?