Mrejesho: masikio kulia baada ya kukaa karibu na spika

Habari zenu ndugu. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu sikio kulia "nziii" na kuumizwa na sauti za kawaida, baada ya kukesha mbele ya spika kwenye harusi hapa Kampala.

Nilikwenda hospitali ya Mulago kwa daktari wa masikio. Ngoma ya sikio ni nzima, nta hakuna. Kipimo cha usikivu kilishuka kwenye hezi 4,000, yaani sauti nyembamba, kisha kikapanda tena. Akasema shimo la namna hiyo mara nyingi huchimbwa na kelele. Seli za vinyweleo, zile zinazonasa sauti ndani ya sikio, zikifa hazioti tena, kwa hiyo dawa ya kuzirudisha hakuna. Kwa sauti yenye ukali wa desibeli 100, alisema, robo saa inatosha kuwa hatari. Sisi tulikesha!

Mlionishauri nizibe masikio kwa pamba kutwa nzima, samahani, daktari amelikataa hilo. Ukinyima sikio sauti, ubongo unazidi kuitafuta na kila kitu kinakuwa kikali zaidi. Niweke vizibo nikipita penye jenereta au honi za kituo cha Old Taxi Park, nyumbani nivitoe. Usiku nawasha redio chini sana, chini ya ule mlio wenyewe, usingizi unakuja. Mafuta ya kitunguu saumu ya kutia sikioni, mliyonishauri pia, sikuyagusa kabisa.

Mlio bado upo. Kijiko kikigonga sahani bado nashtuka, mke wangu ameshahamia sahani za plastiki. Lakini boda napanda tena, na wiki ijayo narudi kupimwa.