Nyoka wa baharini kapanda mwambani, anafuata nini nchi kavu?

Muulizaji:
Wadau naombeni msaada. Nimeona video nyoka wa baharini mwenye pete nyeusi katoka majini anapanda jiwe polepole, katikati katuna, akawa anajisokomeza kwenye ufa. Jamaa anayerekodi akamsukuma kwa fimbo mpaka akadondoka majini, eti anamsaidia. Mi najua nyoka wa baharini akitupwa ufukweni ndo basi, hata kutambaa hawezi. Huyu vipi?

Jibu 1:
Hajamsaidia kabisa, imeniuma. Huyo ni Laticauda, jina la kisayansi la kundi la nyoka wa baharini ambao maisha yao ni nusu majini nusu nchi kavu. Unaowasema wewe ni wale wanaozaa hukohuko baharini, magamba yao ya tumbo yamekuwa madogo mno ndo maana wakitupwa nje wanagaagaa tu. Laticauda kabaki na magamba mapana kama nyoka wa porini, anapanda miamba vizuri tu, ila mkia umebapa kama kasia. Na hapo alipotuna ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ndo chakula chake kikubwa na anammeza mzima mzima, sasa akiwa na mzigo ule tumboni kuogelea kunakuwa kazi, anatoka ajifiche sehemu yenye joto chakula kiyeyuke. Hukohuko nchi kavu ndo anajivua gamba na kutaga mayai.

Jibu 2:
Ongezea maji ya kunywa. Watu wanadhani anakunywa ya bahari, hapana, hata akauke kwa kiu hayagusi, anataka maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kule New Caledonia, bahari ya Pasifiki, kuna visiwa vidogo havina hata kijito, kwa hiyo wanasubiri mvua, ikinyesha tu wanatoka mafichoni wanakunywa vidimbwi kwenye mawe. Halafu wanajua kwao, ukimhamishia kisiwa kingine anaogelea anarudi kilekile.

Muulizaji:
Kumbe! Na sumu je, maana jamaa alikuwa karibu sana

Jibu 1:
Sumu ipo na ni kali, inashambulia neva, misuli ya kupumulia ikilegea ndo hatari yenyewe. Ila nyoka mwenyewe mpole sana, mara nyingi anatafuta tu pa kupita, anayeumwa kwa kawaida ni aliyemshika. Mpishe apite, usimguse hata kwa fimbo.

Muulizaji:
Asanteni sana, nimeshamwandikia jamaa chini ya video yake kwamba yule alikuwa ametoka kula.