Natafuta mkalimani wa Kiarabu na Kifaransa anayeijua kazi ya meli na mizigo

MzigoLushi: Wakuu salaam, msaada tutani. Bosi wangu ni mtu wa Lubumbashi, Kifaransa na Kiswahili basi, Kiingereza hakipandi. Mwezi ujao tunaenda Dubai kusaini mkataba wa makontena ya spea, bandari ya Jebel Ali hadi Dar halafu malori mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, na mzee wa upande wa pili anataka Kiarabu tu. Nimepata kijana lugha zote mbili anazo safi ila anasema demareji na ditensheni ni kitu kimoja, na hapo ndo hela zinapopotelea. Watu wa kazi hii mnawapata wapi?

Klia_Dar: Huyo kijana mwache. Demareji ni kontena limezidisha siku za bure likiwa bado bandarini, ditensheni ni limeshatoka hujarudisha tupu, na mzigo wa Congo unaumia sana kwenye hiyo ya pili maana tupu lazima litoke Lushi lirudi Dar na foleni ya mpakani unaijua. Kwahiyo mkalimani akibabaisha siku za bure ni ngapi na zinaanza kuhesabiwa lini, mmeumia. Mpimeni na BL (hati ya mzigo wa meli) ya zamani, aieleze kwa Kiarabu halafu kwa Kifaransa, FOB na CIF (nani analipia meli na bima), FERI ya OGEFREM (fomu ya mzigo ya serikali ya Congo), yote.

Binti_Sharjah: Wamoroko, Watunisia na Walebanoni wapo wengi huku na Kifaransa wamekisomea, ila hakikisha anakisikia Kiarabu cha Ghuba, mzee akichanganya na maneno ya bandarini wengine wanapotea. Kwa waliosomea ukalimani wenyewe angalia orodha ya AIIC, chama cha kimataifa cha wakalimani, unachagua lugha na mji. Na nakuomba sana kaka, usikubali mkalimani wa kuletwa na wakala wa upande wa pili, yule analipwa na wao. Mkataba wenyewe upeleke kwa mfasiri mwenye leseni ya Wizara ya Sheria, mkigombana mahakama za kawaida hapa zinasoma Kiarabu.

Klia_Dar: Halafu fikirieni Wangazija, watu wa Komoro, Kifaransa na Kiarabu kwao ni lugha za serikali, wengi wamesoma nchi za Kiarabu, na bosi akirukia Kiswahili atamwelewa.

MzigoLushi: Hilo la Wangazija sikuliwaza kabisa. Dada wa Sharjah, unamjua mkalimani yeyote aliyewahi kufanya kazi kwa klia, hawa wa kutoa mizigo bandarini? Nicheki PM, na BL ninayo tayari.