Kupiga picha vyombo vya nyumbani kwa simu

Mwanatanga:
Habari zenu, ndugu. Ninaishi Tanga, na kwa muda sasa nimekuwa nikipiga picha vyombo vya jikoni kwetu kwa simu: mbuzi ya kukunia nazi, birika lililoshika masizi, kawa iliyotundikwa ukutani. Sina nia ya kuuza wala kushindana na mtu. Nataka wanangu waje kuona nyumba yao ilivyokuwa. Shida yangu ni kwamba kila chombo nikikipiga picha huonekana kama bidhaa kuukuu inayonadiwa. Je, kasoro ni ya simu, au kuna jambo nisilolifanya?

Kivuli:
Dada Mwanatanga, simu isikusumbue. Tazama kwanza mwanga unatokea upande gani. Chombo kikipigwa kwa fleshi hupoteza vivuli vidogo vinavyoonyesha mbonyeo na mikwaruzo yake, na birika lisilo na vivuli hubaki umbo bapa. Uani saa saba mchana hapafai pia, kwa kuwa jua la kwetu huwa karibu na utosi na vivuli vyote hujificha chini ya chombo. Zima taa ya umeme, maana rangi yake ikichanganyika na mwanga wa mchana chombo huwa nusu manjano, nusu samawati. Kisha kiweke karibu na mlango ulio wazi, nawe usimame ubavuni, usiupe mlango mgongo. Gusa chombo kwenye kioo cha simu, halafu shusha alama ya jua inayojitokeza, hadi sehemu nyeupe ziache kuungua, yaani kung'aa mno hata zisionyeshe chochote. Picha itakuwa na giza kidogo, lakini jiko lenyewe si lina giza kidogo?

Barazani:
Kuhusu mwanga ninakubaliana na Kivuli. Mwaka 1930 mpiga picha wa Marekani, Edward Weston, aliiweka pilipili hoho moja ndani ya faneli kubwa ya bati, na bati likairudishia mwanga kutoka pande zote hata mikunjo yake ikafanana na misuli ya mtu. Sufuria ya alumini iliyosuguliwa vizuri inaweza kutufanyia kazi hiyo hiyo kwa ndimu au kitunguu.

Nisichokubali ni kuhamishia kila chombo mlangoni. Mbuzi ina mahali pake: chini, karibu na vifuu, machicha yakiwa yamekaukia kwenye meno ya chuma. Ukiifuta na kuisimamisha peke yake mbele ya ukuta mtupu, hapo ndipo inapogeuka bidhaa, Dada, na nadhani huo ndio ugonjwa wa picha zako kuliko mwanga. Tena usiisogelee mno, kwa sababu lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na kilicho karibu nayo huvimba. Rudi nyuma hatua mbili, ukuze picha kwenye simu mara mbili.

Mwanatanga:
Ahsanteni sana. Ni kweli, huwa ninavisafisha na kuvipanga kwanza, kama mtu anayengoja wageni. Jiko letu lina dirisha moja dogo. Je, nikiiacha mbuzi mahali pake picha haitatoka na ukungu?

Kivuli:
Mwanga ukipungua, simu hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika kidogo tu picha huharibika. Iegemeze simu kwenye debe au kigoda, uweke kipima muda cha sekunde chache ili kidole chako kisiitikise. Hoja ya Barazani kuhusu mahali pa chombo naikubali.

Barazani:
Kwa kuwa picha unawawekea wanao, usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwani hubanwa na kupoteza ubora pamoja na tarehe ya kupigwa; zitume kama faili, na nakala nyingine uiweke kwenye kompyuta au diski. Andika pia chombo kilikuwa cha nani na kilipatikana wapi, maana hayo kamera haiyaoni.