Bustani ya nyumbani Ohio, katikati ya Juni: maboga, nyanya na mchicha vinataka nini wiki hii?

Mkulima wa Uani (14 Juni)

Wakuu, habari za leo. Niko Columbus, Ohio. Nina matuta mawili ya mbao, kila moja futi 4 kwa 8. Hali ilivyo:

Nyanya miche 6, urefu futi 2 na nusu. Majani ya chini yana madoa ya kahawia na yanageuka njano. Maua machache yanadondoka. Maboga mashina 3, tunayataka kwa majani zaidi kuliko tunda, yameanza kutambaa. Mchicha nilimwaga mbegu tarehe 5 Mei, ukaota kwa mabaka, na sasa uko inchi 6 tu lakini unatoa maua. Sukuma ina matundu. Nianze na lipi?

Kinyungu

Ndugu, anza na maboga leo hii. Mengine yatasubiri wikiendi.

Huku kuna nondo anayeruka mchana. Tumbo lake ni la rangi ya chungwa lenye madoa meusi, na ukimwona akipita utadhani nyigu. Hutoka ardhini kuanzia nusu ya pili ya Juni, wakati ule maua ya buluu ya chikori yanapochanua kando ya barabara. Hutaga mayai moja moja kwenye shina, karibu na ardhi. Yai ni bapa, la kahawia, kama milimita 1. Baada ya siku 7 hadi 10 funza anaanguliwa, anatoboa shina na kuingia ndani. Akishaingia, dawa ya kupulizia haimfikii tena.

Kwa hiyo piga magoti. Inua majani, ligeuze shina taratibu, kagua futi 2 za kwanza kutoka ardhini pande zote, pamoja na vikonyo vya majani. Yai likwangue kwa ukucha au libandue kwa tepu. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki mpaka mwisho wa Julai.

Ukichelewa utaona tundu linalotoa kitu kama unga wa mbao uliolowa, rangi ya njano au kijani. Majani kulegea saa nane mchana na kusimama jioni ni joto tu. Yakiwa bado yamelegea asubuhi na udongo una maji, funza yumo. Chukua kisu chembamba kikali, pasua shina kwa urefu wake, kamwe si kwa kukingama, ukianzia kwenye tundu. Mtoe funza, ni mweupe mwenye kichwa cha kahawia, na endelea kutafuta kwa sababu mara nyingi hayuko peke yake. Kisha funika jeraha kwa udongo mbichi, na fukia pingili mbili tatu za mbele zitoe mizizi mipya. Mwagilia kila siku wiki hiyo.

Wewe unayekula majani una nafasi ambayo wakulima wa tunda hawana. Wao hufunika kwa kile kitambaa chepesi cheupe na kulazimika kukitoa maua yakianza, ili nyuki waingie. Wewe unaweza kukiacha msimu mzima. Kingo zifukie kwa udongo, zisiache upenyo. Sharti moja: pasiwe mahali palipokuwa na maboga mwaka jana, maana mdudu hulala kwenye udongo huohuo wakati wa baridi na atatokea ndani ya kitambaa.

Shina la Mama

Naongezea kwenye nyanya. Tazama madoa kwa karibu. Yakiwa na miduara ndani ya miduara, kama shabaha, ni bakajani tangulia. Yakiwa madogo mengi yenye kitovu cha kijivu, ni ugonjwa mwingine wa ukungu ambao huku hutokea sana msimu huu. Yote mawili hupanda kwa matone ya maji yanayoruka kutoka kwenye udongo, kwa hiyo hatua ni zilezile. Kata majani yote yenye madoa, na mmea ukishapita futi 3 acha inchi 12 za chini zikiwa wazi kabisa. Kata majani yakiwa makavu, maana umande ndio unaobeba ugonjwa kwa mikono. Weka matandazo ya majani makavu ya ngano unene wa inchi 3, yasiguse shina. Maji yaende chini, asubuhi. Dawa ya shaba huzuia madoa mapya tu, haiponyi yaliyopo.

Maua kudondoka: usiku chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, au mchana juu ya 90, chavua haifanyi kazi vizuri. Hali ya hewa ikitulia, maua yanayofuata yatashika.

Kubwa zaidi ni maji. Tuta lako ni kama mita 3 za mraba, na linataka inchi 1 kwa wiki, yaani lita 75 au galoni 20, ukihesabu na mvua. Zigawe mara mbili. Ukikausha kisha ukafurika, nyanya za kwanza zitaoza kitako, kwa sababu tunda hukosa kalisi, madini yanayosafiri na maji. Watu hukimbilia chumvi ya Epsom, nasi tuache kabisa: ile ni magnesiamu, na hushindana na kalisi kwenye mizizi.

Mkulima wa Uani

Asanteni sana. Swali moja: dukani nimeambiwa ninyunyize dawa ya unga kwenye shina la boga. Majani tunakula kila wiki. Inafaa?

Kinyungu

Usiitie. Soma lebo: dawa nyingi za maboga hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna *tunda*. Majani hayakutajwa, kwa hiyo huna kipimo cha usalama cha kufuata. Nyingi pia huua nyuki. Kitambaa na ukucha vinatosha kwa mashina 3.

Mwakani tafuta mbegu za jamii ya butternut. Shina lake ni gumu, na funza huyu hulishinda kwa nadra.

Bi Mchicha

Mchicha huo ung'oe, upike ulichopata. Mbegu ile inataka udongo wenye joto, nyuzi 65 za Farenhaiti kwenda juu. Mapema Mei hapo Columbus udongo bado ni baridi, na miche iliyodumaa hukimbilia maua. Kuumwagia mbolea sasa hakurudishi kitu.

Panda upya wiki hii. Changanya kijiko 1 cha chai cha mbegu na vijiko 5 vya mchanga mkavu, mimina kwenye mifereji iliyoachana inchi 10, kina robo inchi tu. Udongo usitengeneze gamba: nyunyiza kidogo kila siku mpaka uote, siku 4 hadi 7. Ukifika inchi 3 punguza, acha inchi 5 kati ya mche na mche. Ulioupunguza ndio mboga yako ya kwanza. Ukifika inchi 9 kata ukiacha inchi 4 na vifundo vitatu, matawi yatatoka hapo. Rudia kupanda kila wiki mbili mpaka mwisho wa Julai.

Sukuma: geuza majani, utaona mayai ya njano yaliyosimama na viwavi vya kijani vimelala kwenye mshipa wa kati. Okota kwa mkono. Vikizidi, tumia dawa ya bakteria iitwayo Bt, jioni kwa sababu jua huiharibu, pande zote mbili za jani, na urudie baada ya siku 7 au mvua ikinyesha. Vuna majani ya chini, juu yabaki 5 au 6.