Vinyozi, mashine mnafutia kwenye suruali halafu mnatuonyesha kisanduku cha taa ya bluu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kupoa. Kama kuna kinyozi humu, asome mpaka mwisho ndiyo aje kutukana.

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa Januari nilimchukua mwanangu, yuko darasa la pili, tukaenda kunyoa. Saluni yenyewe iko huku Tabata, vioo mpaka darini, AC, viti vya kuzunguka, muziki unapiga. Mimi ni mteja wao mwaka wa tatu huu. Foleni siku hiyo imetoka mpaka nje, kila mzazi kashika mtoto mkono, shule hazitaki nywele. Kinyozi wangu wa siku zote hayupo. "Ameenda msibani, bosi, ila mafundi wapo." (Baadaye nikasikia kaacha kazi zamani, kafungua yake. Yaani hata hilo nalo la kudanganya?)

Dogo akawekewa ule ubao juu ya mikono ya kiti, akapandishwa. Kabla yake alikaa mtoto mwingine, na kichwani alikuwa na viduara vyeupe kama sarafu, nywele zimekatika katikati. Niliviona kwa macho yangu haya. Nikasema hapa lazima mashine isafishwe. Wakuu, yule kijana aliichukua mashine ileile, akaipuliza kwa mdomo, fuuu, akaifutia kwenye paja la suruali, huyo, kichwani kwa mwanangu. Macho yake muda wote yako kwenye TV, wanabishana kama penalti ya Simba ilikuwa halali.

Nikamwambia, "Kijana, piga spiriti kwanza." Akajibu bila hata kugeuka, "Bosi, hizi zinakaa kwenye sterilaiza." Akanielekeza kwa kidevu kwenye kile kisanduku cha taa ya bluu, cha kuulia vijidudu. Nikasogea nikachungulia. Mlango uko wazi. Ndani kuna machanuo yamelundikana na nywele zake, chaja ya simu, na karanga za kwenye nailoni zilizoliwa nusu. Karanga!

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Ningemshusha dogo tukaondoka. Lakini watu wananitazama, foleni ndefu, nikaona nitaonekana mjuaji, nikauchuna. Hiyo aibu inanitafuna mpaka leo.

Ya kwangu mimi wala siyapi uzito, ila nayo mjue. Nilisema ninyolewe tu. Dada akaja na beseni, "kaka, lala nikuoshe", nikadhani ni sehemu ya huduma kama zamani. Mara skrabu, mara taulo la moto, mara ananikandakanda mabega. Kufika kwenye malipo, 23,000. Kichwa changu 5,000, cha dogo 3,000, zilizobaki ni za mambo ambayo hakuna aliyeniuliza kama nayataka. Mfukoni nina 10,000. Nikaambiwa nitume iliyobaki kwa simu, "na ya kutolea, kaka." Nikatuma.

Haya, wiki kama mbili mbele mama yake anamwogesha, akaniita. Nyuma ya sikio la kushoto kuna duara, ukubwa wa kizibo cha soda, magamba meupe, nywele zimekatika kwenye ngozi kabisa. Mapunye. Mimi kwa ubishi wangu nikakimbilia duka la dawa nikanunua tyubu ya kupaka. Tukapaka siku kumi, duara likazaa maduara mengine matatu. Daktari wa ngozi alipotuona akatikisa kichwa. Kumbe mapunye ya kichwani dawa ya kupaka peke yake haiyawezi, fangasi wanaingia ndani kwenye mzizi wa unywele ambako mafuta hayafiki. Akaandika vidonge vya griseofulvin, wiki nane, vinywewe na chakula chenye mafuta au maziwa ili vifyonzwe vizuri. Wiki nane, mtoto wa darasa la pili, kila siku tunafukuzana na kidonge. Na shuleni wenzake wameshampa jina, mnalijua bila mimi kulitaja.

Nikarudi saluni. Nikamkuta mwenyewe, ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo kwanza maana hasira isinifanye nikose adabu. Nikamweleza yote. Unajua alinijibu nini? "Kijana wangu, watoto wanacheza mchangani, wanavaliana kofia. Utajuaje ni kwangu?" Nikamwambia mzee, nilimwona mtoto wa kabla yake. Akacheka. "Sasa mimi nimfukuze mteja?"

Mzee wangu, hakuna aliyesema umfukuze. Mnyoe, halafu safisha mashine! Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Toa nywele kwenye meno kwa brashi, lowesha meno kwa spiriti, acha ikauke yenyewe, ndipo umwite mwingine. Dakika mbili, tatu. Hiyo taa ya bluu, hata ikiwa ni ya kweli na siyo balbu ya urembo, inafanya kazi pale tu mwanga wake unapogusa. Chanuo lililolaliwa na chanuo lenzake halipati kitu, na nywele na mafuta yakishaganda juu ndiyo kabisa. Mmegeuza kisanduku kuwa hirizi, kikiwaka tu mnajiona mmesalimika.

Na wakubwa msikae mkacheka mkidhani ni mambo ya watoto. Mnaochongwa ndevu mkatoka na vidamu kidevuni, mliuona wembe ukitolewa kwenye karatasi? Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, kwenye tone la damu ambalo hata hulioni. Mimi siku hizi wembe nanunua dukani, naingia nao mkononi. Wananiangalia kama nimekuja kuwaroga, lakini wananyoa.

Dogo sasa namnyoa mwenyewe barazani. Nimenunua mashine, mkono bado haujakaa, mara ya kwanza nilimtoa ngazi mpaka bibi yake akauliza nani kamkatia mtoto na panga. Kwa hiyo nauliza kwa dhati: kuna anayemjua kinyozi Tabata, Segerea au Kinyerezi anayekubali mteja aje na mashine yake, bila nongwa? Bei ileile nalipa.

NYONGEZA: Wanaonifuata inboksi wanataka jina la saluni, sitaji, sina hela ya wakili. Nendeni tu mnakonyoa siku zote, na kabla hamjakaa kwenye kiti chungulieni kile kisanduku. Mkikuta karanga, ni hapo.